Barua ya Wazi kwa Wenye Kalenda

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni Iliyotengeneza Laptopu Yangu,
Ofisi ya Nairobi.

Bwana Mkuu,

MINT: PONGEZI KWA KUSHIKA TAREHE

Pokea salamu kutoka Kisumu, ambako matatu haiondoki mpaka ijae na harambee ya saa nne huanza saa nane. Katika mji wa namna hii hatukuwa tumezoea kitu kinachofuata saa, mpaka laptopu yenu ilipoingia. Waranti ya mwaka mmoja ilikwisha Jumapili. Wiki hiyo hiyo mashine ikakataa chaji. Haikuanguka wala haikumwagiwa chai. Iliona mkataba umekwisha, ikastaafu. Tafadhali tuazimeni wahandisi walioifunza adabu hiyo, wakae kidogo na makandarasi wetu wa barabara.

Niliipeleka kwa wakala wenu hapa mjini. Kijana wa kaunta, mpole kweli, alikagua risiti kabla hajaigusa laptopu. Ada ya uchunguzi ni Sh2,000, akasema. Kisha inakwenda Nairobi, na tatizo likiwa kwenye bodi, bodi nzima inabadilishwa kwa Sh38,000. Nikamuuliza: na ingezima wiki iliyopita, je? Akageuza karatasi ya waranti upande wa nyuma, kule herufi zinakokonda.

Kumbe waranti haikuhusu unyevu, joto kali, stima inayopanda na kushuka, wala wadudu. Bwana Mkuu, mmeitaja Kisumu yote bila kuandika jina lake! Sisi tunakaa ukingoni mwa Ziwa Victoria. Usubi wa ziwa huinuka majini mawingu kwa mawingu, ukafuata taa yoyote iliyowaka, na stima ikipotea jioni kule Dunga, taa iliyobaki ni ya laptopu. Stima yenyewe ikirudi, hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa na waranti kamili, mradi laptopu ibaki dukani.

Basi nikaenda Kondele kwa fundi. Kibanda chake ni meza moja, taa ya kichwani na kopo la skrubu. Alifungua mashine, akapuliza usubi uliokauka kwenye feni, akaanza kugusa bodi kwa ncha za mita, hapa kimya, hapa kimya, mpaka mita ikalia mahali ambapo haikutakiwa kulia. Kapasita moja, ndogo kuliko punje ya wimbi, ilikuwa imeshoti. Feni na usubi wake havikuwa na kosa lolote. Akaing'oa kapasita hiyo kwa hewa ya moto, akabandika nyingine aliyoitoa kwenye bodi kuukuu, na taa ya chaji ikawaka. Sh1,500. Nilipomuuliza habari za waranti alicheka: "Ikizima tena, niletee." Waranti yake haina upande wa nyuma.

Msimshangae. Huu ni mji wa MV Uhuru, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1966, ikalala bandarini miaka na mikaka, kisha ikakarabatiwa na kurudi majini 2019. Sikusikia mtu akiuliza risiti.

Nina swali moja la kitaalamu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria humfanya muuzaji awajibike kwa kasoro ya bidhaa kwa muda usiopungua miaka 2. Je, mashine hizi hupunguziwa umri zikishushwa Mombasa, au ni hewa ya Bahari Hindi? Maana hata hapa tuna sheria. Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo, awe ameandika au hajaandika. Nimeisoma nikitafuta mahali inaposema ubora huo hufa Jumapili. Sijapaona.

Ninachodai ni kidogo: Sh1,500 za fundi, na karatasi ya waranti iliyoandikwa na mtu aliyewahi kulala Kisumu hata usiku mmoja. Mkiona ni mengi, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, mtu anaweza kujisemea bila wakili, na sheria inaitaka iamue katika siku 60. Nyinyi ni watu wa tarehe, mtaipenda.

Wenu,
Mteja wa Kisumu

Tanbihi: Nikiwa namalizia barua hii, dada mmoja wa kituo chenu cha simu amenipigia kuniuzia waranti ya nyongeza kwa laptopu hii hii. Nikamuuliza kama inahusu usubi. Amesema nisikate, anakwenda kuuliza.