Sifa za Mwali Mpenda Salamu

Wengine na wausifu mwali ulionyooka. Mimi namsifu nduguye aliyepotoka njiani, maana amenilisha miaka mingi na kuninyima usingizi miaka hiyo hiyo. Mgonjwa wa saratani kabla ya kuchomwa mionzi, mashine humzunguka kitandani ikimpiga picha, ili alale pale pale palipopangwa. Miali iliyopotoka, yaani mionzi iliyotawanyika, huijaza picha hiyo ukungu. Kazi yangu ni kuupigia hesabu ukungu huo na kuuondoa.

Kwanza kabisa, mwali uliopotoka una adabu. Hebu utazame ule ulionyooka: unaingia kifuani mwa mtu, unatokea mgongoni, haukubisha hodi wala kuuliza habari. Sisi wa Garissa tunamjua mtu wa namna hiyo. Ngamia wake wakipotea, hakuna atakayemwambia wameonekana wapi. Uliopotoka, ukikutana na elektroni, huijulia hali, huiachia sehemu ya nguvu zake kama zawadi, kisha hushika njia nyingine, kwani baada ya salamu nani anakumbuka alikokuwa akienda? Mbele iko elektroni nyingine, nayo husalimiwa. Arthur Compton aliieleza salamu hii mwaka 1923, na mwaka 1927 akapata Nobel. Wazee wetu husalimiana kwa muda mrefu zaidi na hawajapata hata cheti. Mwili ukiwa mnene, salamu huzidi. Kwenye nyonga, miali ya salamu inaweza kulifikia bamba la picha ikiwa mingi kuliko ile iliyonyooka. Wageni wamewazidi wenyeji, na bamba, kwa ukarimu wake, linawahesabu wote kuwa watoto wa nyumba.

Pili, una ustahimilivu: Gustav Bucky aliuwekea gridi ya vipande vya risasi mwaka 1913 (risasi ya madini, si ile mnayoifikiria), na mpaka leo mwingine hupenya. Tatu, unaajiri watu.

Nne, unatufundisha kamari. Njia tunayotumia inaitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kasino kule Monako. Kompyuta hurusha dadu kwa kila mwali: utagonga wapi, utapinda kiasi gani, utabaki na nguvu ngapi. Uwezekano wa kila pembe wanafizikia Klein na Nishina walishaupigia hesabu mwaka 1929. Mamilioni ya miali hufuatwa mmoja mmoja tangu kuzaliwa hadi kuzimika. Mama anajua napata riziki kwa hesabu. Habari za dadu sijamfikishia.

Kisha akaugua abti, kaka yake mama (naye huniita abti vile vile), kule Mandera. Alianza kushindwa kumeza anjera, halafu nyama laini, mwisho yakabaki maziwa ya ngamia. Saratani ya umio, ugonjwa tunaoujua mno kwetu. Kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye tiba ya mionzi ilikuwa moja tu nchini, Kenyatta, na kutoka Garissa peke yake ni kama kilomita 370. Siku hizi vituo vimeongezeka, Garissa nako kipo, na kwenye ramani mstari umenyooka vizuri.

Abti hakupita kwenye ramani. Hospitali ya kwanza ilimpeleka ya pili. Ya pili ikataka barua kutoka ya kwanza. Dirisha la bima likataka muhuri, mwenye muhuri yuko semina, mtandao hakuna, njoo Jumatatu. Kila dirisha alilisalimia, akaliachia kitu: mbuzi wawili, kilo tatu, wiki nne, kisha akaelekezwa upande mwingine. Halafu faili likapotea. Limepotea! Karatasi, si mwali! Mtu mzima amekaa kitini, analipwa kila mwezi, hajui karatasi iliyokuwa mkononi mwake jana imeelekea wapi, wala haoni haya. Klein na Nishina wangeacha kazi.

Siku alipolala hatimaye chini ya mashine, nguo zilikuwa zinampwaya. Nilikesha na picha yake hadi ukungu ukatoka wote. Asubuhi nikamwonyesha kompyuta, nikamweleza inavyoufuata mwali mmoja, kona kwa kona, mpaka unapozimika.

Akaitazama muda mrefu.

“Mashaallah, abti,” akasema. “Na faili je?”