Mbuzi wa Kijani wa Maili Moja

Nilikuwa nimefika kwenye ndafu. Aliyewahi kuhariri video ya sendofu anajua kwamba ukifika kwenye ndafu umeshavuka mlima: MC ameshachoka kujisifu, kamati imeshapita ikicheza, kilichobaki ni zawadi na watu kugombania usafiri. Mbuzi alikuwa mezani, mzimamzima, mwekundu wa kuokwa, na majani mdomoni kama desturi inavyotaka. Nikabonyeza kitufe. Majani yakaanza kuongezeka. Yakatoka mdomoni, yakapanda shingoni, yakageuka vijisanduku vya kijani mgongo mzima, kisha yakaruka meza na kumtwaa shangazi wa bi harusi kuanzia kilemba hadi kifuani.

Nikazima, nikangoja, nikawasha. Mbuzi akarudi kuwa mbuzi wa kawaida, shangazi na kilemba chake. Baada ya nusu saa, kijani tena.

Kazi hii naifanyia Maili Moja, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, kwenye fremu ninayoigawana na dada mmoja fundi cherehani. Si dada yangu wa tumbo; tumeunganishwa na kodi. Tunagawana pango, umeme, na wateja ambao hawajui wameingia kwa nani. Mtu huja kuchukua gauni akaondoka amepiga picha za pasipoti.

Chombo kilichougua ni kadi ya grafiki, kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye kioo. Nilikinunua Kariakoo, mtumba, kwa laki mbili na nusu, na muuzaji aliapa kwamba hakijatumika sana. Sikumuuliza "sana" ni kiasi gani. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliachana na uchimbaji wa sarafu kwa kadi za namna hii. Kadi zilizokuwa zikikokotoa hesabu usiku na mchana zikaachishwa kazi siku moja, zikamwagika sokoni dunia nzima. Sina ushahidi kwamba yangu ilikuwa mojawapo, ila ilipofika kwangu ilikuwa na sura ya mstaafu wa machimbo, na mimi nikampa kibarua cha sendofu.

Ilibidi nimpigie simu mama wa bi harusi, kwa kuwa harusi yenyewe ilikuwa baada ya siku kumi na familia ilitaka vipande vya sendofu vionyeshwe ukumbini.

"Shikamoo, Mama. Video itachelewa kidogo, kadi imeharibika."

"Kadi! Si tumeshazigawa zote, mwanangu? Wengine wameshachanga!"

"Si ya mwaliko, Mama. Ni kadi ya kompyuta."

Akanyamaza kidogo. "Kwani kompyuta nayo inachangisha?"

Nikamwita fundi wangu anayekaa Picha ya Ndege, nikiamini kwamba mtu mwenye anwani kama hiyo hawezi kushindwa na picha. Alikuja saa tatu asubuhi. Kompyuta ikawaka safi kama imetoka kuoga. Mbuzi mwekundu, shangazi mweusi wa kupendeza, hakuna kijani hata kwenye mchicha. Ni yale ya mtoto anayechemka homa usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anaomba biskuti. Fundi akanitazama kwa huruma, akachukua nauli, akaondoka. Saa sita shangazi akawa kijani. Kesho yake ikawa vilevile: fundi, biskuti, nauli.

Ugonjwa usioonekana kwa fundi huonekana na kila mtu mwingine. Mpangaji wa fremu ya tatu alisema ni umeme, ninunue stebilaiza, anaziuza. Mwingine alisema kebo, nami nikanunua mpya kwa elfu kumi na tano jioni ileile. Mmoja akasema nifute meno ya kadi kwa raba ya penseli, yaani ile safu ya vibati vya rangi ya dhahabu inayoingia kwenye ubao mama. Huo ni ushauri wa kweli, raba huondoa uchafu unaozuia umeme kupita, nikaufuata. Kisha akaongeza kwamba mafuta ya kupozea chipu yakiwa yamekauka nipake dawa ya meno. Dhahabu kwenye meno, sawa. Lakini Colgate kwenye chipu nilikataa.

Kijana mmoja wa chuo aliniambia niioke kadi kwenye oveni, nyuzi joto 200, dakika kumi. Nilidhani ananitania. Kumbe dawa hii ina historia. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa malighafi zinazoishikilia chipu kwenye kitako chake. Katika miaka hiyo watu wakaona kwamba kadi mgonjwa ikipashwa moto huweza kufufuka kwa wiki kadhaa, na tangu hapo jiko limekuwa hospitali. Tatizo ni kwamba lehemu ya siku hizi isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi kama 217. Kwa 200 ningepata kadi ya moto, basi. Isitoshe sina oveni. Nilipomwuliza muuza chapati wa jirani kama jiko lake linaweza kupima joto, alikiangalia kile kipande mkononi mwangu na kuuliza, "Hiyo unaila na nini, kaka?"

Siku ya tatu fundi aliamua kunitibu kwa simu. Akaniambia niondoe draiva niweke mpya. Mtandao ulikuwa unakatika, nikapaza sauti: "Nimtoe dereva?" Bodaboda watatu nje ya fremu wakageuka. Ila kabla sijamtoa mtu, niliizima kompyuta na kuiwasha upya ingali moto, na vijisanduku vikatokea kwenye maandishi ya kwanza kabisa, kabla Windows haijaamka. Dereva akaachiwa huru. Alikuwa hajapanda hata garini.

Hapo fundi akasema jambo la maana kuliko yote ya wiki ile. Usinipigie kioo picha kwa simu, alisema. Iambie kompyuta yenyewe ijipige picha, unitumie. Picha ikija safi, kadi imechora vizuri na ubovu uko mbele yake, kwenye kebo au kioo. Ikija chafu, uchafu umo ndani ya kumbukumbu ya kadi. Nikatuma. Jibu lake likaja: "Mbuzi bado kijani. Kebo haina kosa." Elfu kumi na tano zangu ndipo zilipozikwa.

Safari hii hakuja asubuhi. Alikuja saa nane mchana, akakuta nimeiachia itengeneze video kwa dakika arobaini, fremu imekuwa tanuri. Akapiga magoti na tochi. Kadi ya namna hii ina tabia moja: ikiwa baridi, feni zake hazizunguki kabisa, zinangoja ipate joto. Kwa hiyo kila asubuhi tuliziona zimesimama, na hatukushangaa. Mchana ule moja ilikuwa inazunguka kwa kasi. Ya pili, iliyo juu ya vipande vya kumbukumbu, ilikuwa inatikisika tu, kama mzee anayetaka kuinuka kitini na hakuna wa kumshika mkono.

Fundi akaingiza sindano taratibu. Akavuta. Ukatoka uzi. Akaendelea kuvuta, uzi ukaendelea kuja, wa rangi ya dhahabu, umejiviringisha kwenye mhimili wa feni pamoja na manyoya ya vitambaa ya kutosha kujaza mto wa mtoto. Mfuniko wa kompyuta nilikuwa nimeutoa mwenyewe tangu joto la Januari, ili ipate hewa. Ilikuwa imekaa sakafuni, mita moja kutoka kwenye cherehani, ikivuta hewa hiyo kwa bidii.

Tukageuka sote wawili. Dada alikuwa ameinamia kazi yake: sare za kamati ya harusi, kitambaa cha zambarau, mishono ya dhahabu.

"Mbona mnanitazama?"

Fundi alisafisha feni, akabadilisha mafuta ya chipu, akapokea hela ya maana badala ya nauli. Niliiacha video ikitengenezwa hadi saa nne usiku. Mbuzi hakubadilika rangi. Jumamosi ilionyeshwa ukumbini, na shangazi alilalamika kwamba ameonekana kidogo. Dada aliuomba ule uzi, akaunyoosha kati ya vidole, akauangalia kwenye mwanga na kusema bado mzima. Alimalizia nao shingo ya gauni la shangazi.