Pikipiki Baharini

Aplikesheni yetu ya kupeleka chakula ilikuwa na skrini nne, na kila moja ilikuwa na msimamo wake kuhusu alipo dereva. Ramani ilisema yuko Sinza. Ukurasa wa oda ukabisha: bado hajatoka Mwenge. Gumzo lilijikalia kimya. Risiti, bila haya hata kidogo, ilimweka katikati ya Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, na chipsi mayai zake mbili.

Hiyo ghuba haikuja kwa bahati mbaya. Latitudo sifuri na longitudo sifuri hukutana hukohuko, na msimbo ulioandikwa haraka haraka, ukikosa jibu la GPS, hujijazia sifuri. Watu wa ramani wamepapa hata jina, Null Island. Kisiwa chenyewe hakipo. Ni maji matupu, na pikipiki zetu.

Waliotutangulia waliandika kila skrini kivyake, kila moja na ombi lake la GPS. Simu moja ikawa inahojiwa na watu wanne, huku ikitega sikio kwa satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu angani. Kufika adhuhuri chaji kwisha. "Kaka, hii simu inaniunguza paja," dereva mmoja alilalamika, na suruali akatuonyesha.

Dawa yake inajulikana. Unaandika kipande kimoja tu kinachoongea na GPS, wengine wote wanakiuliza chenyewe. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi: ukitaka kujua fulani yuko wapi, huzunguki kugonga milango. Mwenzangu akakiandika vizuri, tena mapema kuliko alivyoahidi, jambo ambalo lilitakiwa kututia shaka.

Kumbe kila skrini ikifungwa ilimwambia mjumbe akalale. Dereva anafunga risiti, GPS inazimwa kwa wote, ramani inabaki na mahali pa mwisho ilipopajua. Ilibidi mjumbe afundishwe kuhesabu wasikilizaji, asilale mpaka wa mwisho aondoke. Lakini kabla hajafundishwa, mteja alipiga simu, nami ndiye niliyekuwa karibu nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dereva wenu anaonekana Ubungo saa nzima sasa."

"Pole sana mama, Ubungo pale kuna foleni kubwa."

"Foleni ipi, baba? Yuko hapa mlangoni kwangu, anasubiri chenji."