Sahani ya Saba

Binti yangu wa darasa la sita alipewa kazi ya nyumbani: kubandika majina ya nchi zote kwenye kadibodi, kila bara na safu yake. Kazi ya mtoto, lakini kwetu hakuna kazi ya mtoto. Baba Watoto alikunja mikono ya shati, mama mkwe akasogeza kiti, na wifi yangu, aliyekuja likizo kutoka Mayotte, akajitwalia nusu ya mkeka. Zikatolewa sahani sita. Antaktika haikupewa, kwani haina nchi. Mimi nikatumwa jikoni kukoroga uji wa ngano uwe gundi.

Afrika ilijaa kwa amani hadi Misri. Binti alishasoma kwamba Rasi ya Sinai iko ng'ambo ya Mfereji wa Suez, upande wa Asia, basi akanyanyua mkasi.

"Hatumkati mtu hapa," akasema bibi yake. Misri ikabaki nzima.

Kijana wangu wa sekondari alikuwa na orodha ya Umoja wa Mataifa kwenye simu. Uturuki: Asia ya Magharibi, japo Istanbul imekaa pande zote mbili za Bosporus. Kupro vilevile, ingawa imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004. Urusi yote, pamoja na Siberia yake, Ulaya Mashariki. Orodha imepangwa kwa ajili ya takwimu, wala haidai kumaliza ugomvi wa mtu.

Baba Watoto hakuitambua. Kwake bara ni pale timu inapocheza. Kazakistani akaitia Ulaya, maana ilihamia UEFA mwaka 2002. Australia akaipeleka Asia: inacheza huko tangu 2006, na Kombe la Asia ikabeba 2015. Guyana, ambayo kila ramani inaiweka Amerika Kusini, akaisukuma kaskazini ikacheze na kina Jamaika.

Hapo wifi akaiweka Mayotte Ulaya, taratibu, kama anayeweka hereni kabatini. Hoja alikuwa nazo: tangu 2011 kisiwa ni mkoa kamili wa Ufaransa, na sokoni wanalipa kwa yuro.

"Kisiwa kimo katika funguvisiwa la Komoro," mama mkwe akamjibu, "watu wake wakiongea naelewa nusu bila mkalimani, halafu uniambie Ulaya?"

Kijana akasoma simu: Afrika Mashariki, kundi moja na Tanzania.

"Basi hukuwahi kuondoka nyumbani. Na zile hela tulizokuchangia za safari?"

Wifi akanyanyuka. Nikaleta sahani ya saba, nikakusanya humo kila jina lenye ubishi, nikaitoa barazani ili watu wapoe. Binti alishayapaka uji yote. Tulipotoka, jogoo wa mama mkwe alikuwa anamalizia. Hakuacha Kupro, Kazakistani wala Mayotte.

Binti aliyaandika upya kwa kalamu. Mayotte akaichora katikati ya bahari, nje ya safu zote, na mwalimu akampa alama zake bila kuuliza.

Jumapili jogoo alichinjwa. Wifi alikataa katakata, akisema hawezi kujila mwenyewe. Baba Watoto akavuta bakuli, akaomba paja lenye Kazakistani.