Shangazi, Bomba Limepata Blanketi Kabla Yangu

Shangazi,
Tulipohamia Maine kutoka Bukavu, mume wangu alinunua jiko la kuni. Nikanyamaza. Akanunua bomba la chuma la inchi 6 la kutumbukiza ndani ya dohani. Nikanyamaza. Wiki hii amelinunulia blanketi! Mimi natetemeka tangu Novemba. Ati anazuia joto lisipotee. Joto la bomba si linakwenda zake nje hata hivyo?
Mke Mwenza wa Bomba, Portland

Mke Mwenza, punguza wivu, mumeo yuko sahihi ila maelezo ndiyo yamemshinda. Joto lile halizuiliwi kwa ajili yenu, ni nauli ya moshi. Moshi wa kuni hubeba mvuke na lami ambayo haikuungua. Ukibaki moto, hupanda upesi na kutoka na mizigo yake. Ukipoa njiani hadi chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, lami huganda kwenye bomba. Hiyo ndiyo kreosoti: nyeusi, inang'aa, na ikikomaa hata brashi ya chuma haiitoi. Siku ikishika moto, dohani huunguruma hadi vikombe vigongane kabatini, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Hapo blanketi linafanya kazi ya pili, kuzikinga mbao za nyumba zilizoegemea matofali. Na kama dohani yenu imejengwa nje ya ukuta, ikipigwa na baridi ya Januari pande tatu, hata usibishe.

Sasa mkague, kwa upole. Blanketi liwe la nyuzi za kauri, foili iangalie nje. Kingo zipandane, zigandishwe kwa utepe wa foili, kisha juu yake avishe wavu wa chuma na kuubana kwa waya, la sivyo matofali yatalichana likishushwa. Avae barakoa na glavu, na nguo zile zisifuliwe na za watoto.

Kinachowaumbua waume wengi ni kipimo. Bomba la inchi 6 likivaa blanketi la nusu inchi linafika inchi 7 na ushei, na njia ya vigae ya dohani inayoitwa ya 8 kwa 8 mara nyingi ndani yake ni kama 7 tu. Atakuwa juu ya paa anasukuma, nawe chini unavuta, na bomba limekwama katikati. Apime kwanza. Lisipopita, vigae vivunjwe na fundi, blanketi lisivuliwe.

Na baridi yako je? Pale bomba linapoingilia dohani pana uwazi unaonyonya joto la chumba. Azibe kwa bati na pamba ya mwamba. Blanketi lako la kitandani aliandike kwenye risiti ileile.

Shangazi,
Darini nimekuta mifuko ya vijiwe vyepesi vinavyometameta, vya mwenye nyumba wa zamani. Rafiki anasema ndivyo humwagwa kuzunguka bomba. Bure kabisa! Nimwage?
Mpenda Vya Bure, Burlington

Usiguse, usifagie, shuka ufunge mlango wa dari. Hiyo ni vemikulaiti. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vemikulaiti ya Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, na ilikuwa imechanganyika na asbesto. Kwa macho huitambui. Waite wenye kazi ya kupima. Rafiki yako hakusema uongo wote: vemikulaiti mpya, ikichanganywa na saruji yake na maji kidogo, humwagwa kweli. Na kabla hujaniandikia tena: pamba ya kioo iliyobaki ulipoziba kuta, nayo hapana. Gundi yake huungua.

Shangazi,
Bomba nimelivisha, nimefuata kila hatua. Mbona kioo cha jiko cheusi na moshi unatutoa machozi? Kuni ni nzuri, nimezikata mwezi uliopita.
Fundi Mwenyewe, Minnesota

Mwezi uliopita! Hizo unachemsha, huchomi. Unyevu uwe chini ya asilimia 20, na mwaloni huweza kutaka miaka miwili kufika hapo. Pasua gogo moja, kipima unyevu ukichome upande uliopasuka sasa hivi, si kwenye ncha iliyokauka. Kwa msimu huu nunua kwa jirani aliyepanga kuni zake mwaka juzi. Mpelekee na sambusa, atakupunguzia.