Kitanda Kilichooa Ukuta

Nyumba za kupanga za Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, hujengwa kwa safu: matofali ya kuchoma, bati juu, mlango mmoja, chumba na sebule. Asiyeijua Nchelenge akichungulia ndani atauliza watu wanaishije humo. Kiangazi hawaishi humo, wanalala tu. Kupika ni uani, kula ni uani, wageni wanakaa chini ya mwembe, na mwenye kiwanja cha kutosha amejenga insaka, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, ambacho kwa watu wa mkoa wetu wa Luapula ndiyo sebule yenyewe.

Mwisho wa mwaka mambo hugeuka. Mvua ikishika, jiko linasogea chini ya upenu. Shule zinafunga. Tarehe 1 Desemba uvuvi unapigwa marufuku upande wetu wa Ziwa Mweru hadi Februari iishe, ili samaki wazaliane, na kila kilichokuwa kikilala ufukweni kinakuja kulala kwa watu: nyavu, kamba, maboya, taa za kuvulia chisense (dagaa wa huku), na wavuvi wenyewe. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 5,000. Sebule yangu, mtu mrefu akijinyoosha anagusa kuta mbili. Kwetu shehena hiyo inaletwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye hulala kwa rafiki yake, kwa kuwa mtu mzima halali chumba kimoja na mama yake. Na mama yake, mama mkwe wangu, huvuka kutoka kisiwa cha Isokwe kuja kukaa nasi msimu huo, awe karibu na hospitali ya misheni kwa ajili ya miguu yake. Mama hawekwi mkekani. Lazima apate kitanda, na kitanda lazima kipite mahali ambapo mchana watoto wanaandika na wateja wangu wanapima nguo.

Mimi ni mshonaji, nimezaliwa Kigoma na kuolewa huku. Cherehani yangu ya kukanyaga inaishika kona moja ya sebule, nami siioni kuwa mzigo. Ukikiangusha kichwa chake ndani na kurudisha kifuniko, unapata meza ya chai yenye droo mbili. Kama vyombo vyote vya nyumbani vingebuniwa na watu waliobuni cherehani, tungekaa raha.

Mume wangu aliona kwenye simu picha ya kitanda kinachosimamishwa ukutani asubuhi na kushushwa usiku. Akampelekea fundi. Fundi akaagiza mbao za mukwa, ule mti tunaouita mninga Tanzania, kwa ajili ya fremu, na plaiwudi kwa ajili ya mgongo. Kabla ya sherehe ya Mutomboko, ile ya chifu mkuu Mwata Kazembe kule Mwansabombwe mwishoni mwa Julai, kitanda kilikuwa tayari. Kikisimama kilikuwa kama kabati pana lenye rafu ya kukunja, na rafu hiyo ikawa meza ya masomo ya watoto. Kikilala kilikuwa kitanda kamili. Chini yake palikuwa na boksi la kuwekea unga na vyombo. Kilishikwa ukutani kwa bolti ndefu, na vichwa vya bolti fundi akavifukia kwa vipande vya mbao na gundi, visionekane. Kazi ilikuwa safi, nami nilikipenda mno. Kilinikumbusha nyumba za zamani za mawe nilizoziona Lamu na Zanzibar, zile zenye vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa. Watu wale walihamishia vyombo ndani ya kuta zenyewe: zidaka za kuwekea sahani, misahafu na taa, na nje baraza ya kukalia ambayo mtu aweza pia kuilalia. Sakafu ikabaki ya watu.

Lakini ukuta wa Lamu ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa Kashikishi ni tofali moja. Tena kulikuwa na kasoro nyingine, ambayo mama mkwe aliiona kabla yetu sote. Alikuja kwa ajili ya Mutomboko, akaonyeshwa kitanda, akakishusha na kukipandisha mwenyewe, akakizunguka. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kitanda hiki kimeoa ukuta. Chandarua kitaingilia wapi?"

Chandarua huchomekwa chini ya godoro pande zote. Upande wa kichwani palikuwa na bawaba, ubao na ukuta, hapachomekeki kitu. Kikabaki kijimwanya kama upana wa kiganja. Mahali pengine kijimwanya hicho kingekuwa jambo dogo. Watafiti wa malaria wamefanya kazi Nchelenge miaka mingi, na sababu yao ni kwamba ugonjwa huku umeshikilia licha ya vyandarua na dawa. Mbu wetu mkuu wa malaria, Anopheles funestus, huuma ndani ya nyumba, usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo mtu hana habari. Mama alilala kwetu kipindi cha sherehe. Siku chache baada ya kurudi kisiwani homa ikampata, akavushwa tena kwa mtumbwi wa injini, kipimo kikaonyesha malaria. Alipona kwa dawa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile kile kitanda nilikitazama kwa jicho jingine.

Nilishona ulimi wa wavu kutoka kwenye chandarua kilichochanika, nikaupigilia ubaoni kwa misumari midogo uzibe ule mwanya. Shemeji alipoona mabaki akayaomba. Nikamkatalia. Kando ya ziwa hili kuna wanaounganisha vyandarua kuwa nyavu za chisense. Ni kinyume cha sheria, kwa kuwa vitundu vile havibagui kati ya dagaa mkubwa na kifaranga cha pale, samaki wetu wa jamii ya perege. Shemeji hakubisha.

Oktoba wakaja wapulizaji dawa, wale wanaopita nyumba hadi nyumba kabla ya mvua. Mbu akishakunywa damu hutua ukutani kupumzika, na dawa iliyoko ukutani ndiyo inayommaliza. Kwa hiyo chakula, vyombo na nguo vinatoka nje, kinachobaki kinasogezwa katikati na kufunikwa, kuta zinabaki uchi. Kijana mwenye ovaroli na barakoa aliingia, akasimama mbele ya kitanda chetu akaniuliza kwa adabu, "Na hiki, mama?"

Nyuma ya plaiwudi ile kulikuwa na karibu ukuta mzima ambao mbu angeupata bure. Fundi alikuwa safari. Majirani wakaja na patasi na nyundo, wakatafuta bolti zilizofukiwa, na bolti ya mwisho ikatoka na nusu ya tofali. Kitanda kikabebwa na wanaume wanne. Uani kwangu siku ile palikuwa na maisha yetu yote: godoro, cherehani, ndoo za unga, madaftari, vitenge vya wateja, masufuria, picha ya harusi imeegemezwa kwenye mwembe. Dawa ilipopulizwa tukaambiwa tusiingie muda wa saa mbili. Hazijafika hata nusu, wingu likapanda kutoka ziwani, mvua ya kwanza ya msimu.

Kurudi ndani haiwezekani. Unga ulikimbiziwa kwa jirani ambaye nyumba yake haijapulizwa. Vitenge vikaingia chini ya turubai la shemeji. Godoro tulilishika wanawake wawili chini ya upenu, tukilisimamisha kwa mikono, na watoto wakashika cherehani kana kwamba itakimbia. Kitanda hakikuwa na wa kukisogeza. Wale wanaume wanne walikwisha kwenda kuokoa vyao. Jioni plaiwudi ilikuwa imevimba kama andazi, imeachana tabaka kwa tabaka. Mninga haukutikisika.

Fundi aliporudi hatukugombana. Mume wangu alimlipa tena kwa kazi mpya, na safari hii mama mkwe ndiye aliyetoa maagizo, ameketi kwenye stuli: kisiingie nyumbani humu kitu kisichobebwa na watu wawili. Fremu ya mninga ikakatwa, yakatoka mabenchi mawili marefu yenye vifuniko na nafasi ya nguo ndani. Mchana yanakaa kando ya kuta na kukaliwa. Usiku yanasogezwa katikati, yanaunganishwa kwa ndoano, godoro linatandikwa juu, na chandarua cha duara kinashuka kwa kapi kutoka kwenye kenchi, kinachomekwa pande zote nne. Asubuhi unavuta kamba, kinapanda. Tofali tulilirudisha kwa saruji, mwenye nyumba akaridhika.

Nyavu za shemeji nazo zilipanda juu. Zikiwa sakafuni panya huzitafuna. Sasa zinakaushwa vizuri na kulazwa kwenye mianzi iliyofungwa kati ya kenchi. Nyumba zetu hazina dari, na watu huilalamikia hali hiyo. Mimi nimeacha kuilalamikia.

Kilichotusumbua ni makasia. Ni marefu, hayaingii kwenye benchi, na kona zote zimekwisha. Mama mkwe akaagiza yaning'inizwe sebuleni kwa kamba mbili, usawa wa kichwa, na hapo ndipo ninapotundika magauni yaliyokamilika. Wateja wangu wamekwisha kujua: nguo ichukuliwe kabla ya Februari kwisha, maana tarehe 1 Machi alfajiri shemeji anakuja kuchukua makasia yake.