Sifa za Diminishi, Mzururaji wa Kinanda

Wamesifiwa wengi wasiostahili. C meja, kwa mfano, amepigiwa makofi miaka nenda miaka rudi, na kazi yake ni ipi? Kukaa. Amekaa juu ya vibao vyeupe vitatu, hachokozi mtu, hadai wala hadaiwi. Katika kodi zote za muziki, ndiye anayefundishwa kwanza, na wanafunzi wengi huishia hapohapo. Mimi leo nasimama kumtetea mwingine, yule ambaye akipigwa kanisani wazee hugeuza shingo kutazama kama mpiga kinanda amekosea. Namtetea diminishi.

Tuanze na nasaba, maana adui zake humwita mtoto wa nje. Wanamsingizia. Chukua do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha juu ya kila sauti jenga kodi ya sauti tatu kwa kuruka sauti mojamoja. Utapata meja watatu, maina watatu na diminishi mmoja: ti, re, fa. Ni mtoto halali wa ngazi ya meja, kitindamimba aliyezaliwa ndani ya ndoa. Hakuna wimbo wa meja, hata uwe mtakatifu namna gani, usio na damu yake.

Basi kosa lake nini? Kosa ni kwamba ndani yake ti na fa hawaelewani. Ti anataka kupanda kwa do, fa anataka kushuka kwa mi, na mpaka kila mmoja apate haki yake, nyumba hailali. Walimu wa muziki wa Ulaya katika karne ya 18 waliuita umbali huo shetani katika muziki. Na diminishi kamili, yule wa sauti nne, hakuridhika na shetani mmoja. Do akiwa C, B na F ni wa kwanza, D na A flati ni wa pili. Wenzake wanamkimbia mmoja. Yeye amefuga wawili, na mkono mmoja unatosha kuwabeba.

Tazama pia uadilifu wake. Weka kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya B. Hesabu vibao vyote, vyeupe kwa vyeusi: ruka viwili, bonyeza cha tatu, ni D. Ruka viwili tena, F. Ruka viwili, A flati, kibao cheusi pekee katika kundi hili. Ruka viwili kwa mara ya mwisho, umerudi B. Okteva ina nusu toni 12, naye amezigawa mafungu manne ya tatutatu, bila mkubwa kuzidishiwa wala mdogo kupunjwa. Hata kadhi hangekuwa na la kurekebisha.

Kwa sababu ya usawa huo hana kichwa wala mkia. Mwanzishe kwa D, mwanzishe kwa F, sauti ni zilezile. Wavivu wenzangu, hapa ndipo penye neema: meja wa kujifunza ni 12, maina ni 12, lakini diminishi wa sauti nne katika kinanda kizima ni watatu tu. Yuko huyu wa B, yuko wa C, yuko wa C shapu. Ukifika D umerudi kwa wa B, chini ya jina jingine.

Wanaomchukia husema hana kwao. Kweli, ndiyo maana ana kwenda kwingi. Ni kama konda anayeita Mbagala, Kimara, Tegeta na Gongo la Mboto kwa daladala moja. Shikilia B, D, F na A flati, kisha ushushe kidole kimoja tu kwa nusu toni. Shusha A flati iwe G: umepata G7, na njia ya C iko wazi. Shusha F iwe E: ni E7, unashukia A. Shusha D, unafika G flati. Shusha B, unafika E flati. Njia nne kwa nauli ya kidole kimoja! Arnold Schoenberg, katika kitabu chake cha harmonia cha mwaka 1911, alimweka kwenye kundi la kodi zinazozurura. Mimi naona ni cheo.

Utumishi wake kwa umma nao haufichiki. Katika Mateso ya Mathayo ya Johann Sebastian Bach, yaliyoimbwa Leipzig mwaka 1727, Pilato anawauliza watu awafungulie nani, na umati unajibu kwa neno moja: Baraba! Neno hilo limekaa juu ya diminishi. Mwaka 1821 huko Berlin, Carl Maria von Weber alimkabidhi zamu ya kumtangaza pepo Samiel katika opera ya Der Freischütz. Baadaye akaajiriwa kwenye sinema zisizo na sauti, mpiga piano akimtetemesha kila mwovu alipochungulia. Hajawahi kukataa kazi chafu.

Na kanisani je? Msikilize mpiga kinanda wa injili anapotoka F kwenda C. Besi inapanda F, F shapu, G, na hapo katikati, kwa nukta moja, yumo diminishi. A na C wamebaki mahali pao. F amejisogeza, E flati amejipenyeza. Kisha C meja anaingia juu ya besi ya G na mikono inanyanyuka juu. Sifa zote anachukua C meja. Wa kuwatia watu kiu ya C meja hakutajwa hata kwenye matangazo. Baada ya dhiki, faraja. Lakini nani aliwahi kuishukuru dhiki?

Ana kasoro, sikatai. Kukaa hawezi. Wapige watatu mfululizo bila sababu, na wimbo wa harusi unageuka mkasa wa mwizi na polisi. Schoenberg mwenyewe alisikitika kwamba diminishi alitumiwa mno hadi makali yakamwisha. Hilo ni kosa la waliomtumia.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu mpiga kinanda: jifunze wote watatu, kwani hawazidi hapo, lakini katika ubeti mmoja mwite mmoja tu. Na kabla hujamwita, jua unashukia wapi, kwa maana yeye hatakuambia.